Hori la Ng'ombe na Homa Isiyo Malaria

Mwezi Julai 2022, katika wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, watu 20 waliugua homa, maumivu ya kichwa, uchovu mkubwa na kutokwa na damu puani, na watatu kati yao walifariki dunia. Hofu ya kwanza ilielekezwa kwenye Ebola na Marburg, lakini vipimo vilivikanusha vyote viwili. Kilichobainika ni leptospirosisi, maradhi yaletwayo na bakteria wanaotoka katika mkojo wa wanyama, ambayo Wizara ya Afya iliyatambulisha kwa wananchi kwa jina la homa ya mgunda. Mgunda ni shamba, na jina hilo limesaidia sana kuwaelewesha watu wa vijijini. Limekuwa na hasara moja: mkazi wa jiji huliona kama habari ya mbali, ilhali nyuma ya nyumba yake pana banda lenye ng'ombe wawili wa maziwa na gunia la pumba lililotobolewa na panya.

Ufugaji huo si jambo la kificho Dar es Salaam. Bunju, Mabwepande, Goba, Mbagala, Chamazi, Kigamboni, kote huko ng'ombe wa maziwa amesomesha watoto na kuziba pengo la mshahara tangu miaka ya themanini. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliuruhusu, kwa sharti kwamba mfugaji asizidishe ng'ombe wanne na awalishe ndani badala ya kuwaachia barabarani. Kulisha ndani kumewaepusha wanyama hao na magari na majalala. Hata hivyo kumezaa jambo ambalo watunga kanuni pengine hawakulifikiria: chakula kingi, chenye harufu tamu, kilichokusanywa mahali pamoja usiku kucha. Pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na machicha ya bia ni karamu, na waalikwa wake si ng'ombe peke yao.

Anayefika kwanza ni panya. Huingia horini baada ya taa kuzimwa, hula, na hukojoa pale pale anapokula. Katika figo za panya bakteria wa leptospira huweza kuishi muda mrefu bila kumdhuru, wakitoka na mkojo siku hadi siku. Ng'ombe akila masalio yale asubuhi, au akinywa maji ya ndoo iliyopitiwa, naye huweza kuambukizwa. Mara nyingi haonyeshi chochote. Mara nyingine maziwa hupungua ghafla, au mimba hutoka, au ndama hukojoa mkojo mwekundu. La kuhofiwa zaidi ni ng'ombe yule anayeonekana mzima, kwa kuwa yeye pia huendelea kutoa vimelea katika mkojo kwa miezi kadhaa, na mkojo wa ng'ombe ni mwingi, hurukia miguu ya mkamuaji na hutuama kwenye sakafu iliyobomoka. Mtu huambukizwa kupitia mkwaruzo wa ngozi, kidonda kidogo kati ya vidole, au utando wa macho, pua na mdomo.

Wanaoishi pembezoni mwa Pori la Akiba la Pande, upande wa kaskazini-magharibi wa jiji, wana mazingira yenye uzito wa ziada. Pori hilo dogo, lenye hekta zipatazo 1,200, lilipewa hadhi ya pori la akiba mwaka 1990, na sheria ya wanyamapori hairuhusu kuingiza mifugo humo. Wengi huchukulia katazo hilo kuwa la kulinda msitu tu. Linamlinda ng'ombe pia, na mwenye ng'ombe. Mahali popote ambapo mnyama wa porini na mnyama wa kufugwa wanakula kwenye chombo kimoja au kunywa kwenye dimbwi moja, maradhi hupata daraja la kupita, na hupita kwa njia zote mbili.

Mfano unaojulikana sana unatoka Marekani. Mwaka 1994, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Michigan, kulungu aliyeuawa na mwindaji alikutwa na kifua kikuu cha ng'ombe. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba maradhi yalikuwa yamejikita miongoni mwa kulungu wa eneo lile. Sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa desturi ya kuwamwagia kulungu marundo ya karoti, mahindi na viazisukari ili wakusanyike na kuwindwa kwa urahisi. Kulungu wengi walipeleka midomo kwenye rundo moja, mate yakabaki juu ya chakula. Mwaka 1998 ugonjwa ulipatikana katika kundi la ng'ombe wa eneo hilo. Mamlaka zilizuia ulishaji huo wa kulungu, na wafugaji wakahimizwa kuzungushia uzio maghala ya malisho. Hali ya hewa ya Michigan ni ya baridi, na bakteria yule huishi juu ya chakula kwa majuma. Jua la Dar es Salaam humuua upesi zaidi. Lakini kivuli cha banda lenye unyevunyevu wa masika si jua, na leptospira hupenda hasa unyevu huo: katika tope na maji yaliyotuama huweza kudumu kwa majuma, na pakikauka hufa haraka.

Hapa nchini ushahidi haukosekani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliwahi kutenga kutoka katika mkojo wa ng'ombe aina ya leptospira ambayo haikuwa imejulikana kabla, nayo ikaitwa kwa jina la Sokoine. Panyabuku wa Morogoro nao walikutwa na vimelea vya jamii hiyo. (Panyabuku ni mnyama wa ajabu: huko huko Morogoro shirika la APOPO limewafundisha wenzake kunusa makohozi na kugundua kifua kikuu kilichopita bila kuonekana kwa hadubini, yakiwemo makohozi yaliyotoka katika kliniki za Dar es Salaam. Huyo analelewa na kupimwa. Yule wa horini ni mwingine.)

Kwa mhudumu wa afya, takwimu zinazopaswa kukumbukwa zinatoka Moshi. Kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo walifuatiliwa kwa vipimo vya kina. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa asilimia 60.7. Waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Miongoni mwa waliopimwa maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne alikutwa nayo, na leptospirosisi iliongoza. Moshi si Mbagala, na malaria ya pwani ina historia yake. Hata hivyo tangu kipimo cha haraka cha malaria kienee katika zahanati, swali limebaki lile lile mezani: kipimo kikisema hapana, kinachofuata ni nini? Mara nyingi hufuata dawa ya taifodi, kisha sindano ya kupunguza maumivu, kisha mgonjwa hurudi nyumbani.

Swali linalokosekana ni fupi: je, nyumbani mnafuga? Likiulizwa, lifuatiwe na mengine: nani hukamua, nani hufagia banda, nani hukata majani bondeni, kuna panya, kuna mnyama aliyetupa mimba karibuni. Aliyeajiriwa kumtunza ng'ombe asisahauliwe, kwa maana mara nyingi ndiye anayeingia bandani bila viatu na ndiye wa mwisho kupelekwa hospitali. Dalili huanza kati ya siku 2 na 30 baada ya kuambukizwa, kwa kawaida kati ya siku 5 na 14: homa ya ghafla yenye kutetemeka, kichwa kuuma, maumivu makali ya misuli, hasa ya mashavu ya miguu na kiuno, na macho mekundu yasiyotoa tongo. Ishara hizo mbili za mwisho, zikikutana kwa mfugaji ambaye hana malaria, zinatosha kumfanya tabibu asimame na kufikiri upya.

Wengi hupata nafuu. Wachache huingia hatua ya pili, ambapo ngozi na macho huwa ya manjano, mkojo hupungua, na damu huanza kutoka, hata mapafuni. Hao si wagonjwa wa zahanati. Wapewe rufaa siku hiyo hiyo, figo zao zichunguzwe, na tiba ya penisilini au seftriaksoni ya mshipa ianze bila kungoja majibu, kwa sababu vipimo vya kuthibitisha hufanywa katika maabara chache na huchukua siku. Kwa mtu mzima mwenye dalili nyepesi, doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7 ndiyo tiba iliyozoeleka. Mjamzito na mtoto mdogo hupewa dawa nyingine, kama amoksisilini. Diklofenaki, ambayo hutolewa kwa wepesi mno kwa kila mwili unaouma, iepukwe kwa mgonjwa huyu, kwani figo zake tayari ziko hatarini.

Bandani kazi kubwa ni ya jioni. Masalio ya horini yaondolewe kabla ya giza, na ng'ombe apewe usiku majani tu, kiasi anachoweza kumaliza. Pumba na mashudu vikae katika mapipa ya chuma yenye mfuniko unaobana, juu ya mbao zilizoinuliwa na mbali na ukuta. Gunia lililoegemezwa ukutani ni ngazi ya panya. Machicha, yasiyohifadhika kwa muda mrefu, yanunuliwe kidogo kidogo ingawa bei ya jumla inavutia. Majani yaliyokatwa kwenye mabonde yaliyofurika, au kando ya Pande, yaanikwe juani kwanza. Sakafu iwe na mwinamo wa kutoa mkojo, na mfereji usielekezwe kisimani. Sumu ya panya isiwekwe karibu na chakula cha ng'ombe wala mahali watoto wanapopita. Mitego, usafi na kufyeka nyasi kuzunguka banda vina matokeo ya kudumu zaidi. Mkamuaji avae mabuti ya mpira, afunike vidonda kwa plasta isiyopitisha maji, na anawe kwa sabuni amalizapo. Maziwa yachemshwe, kama inavyosemwa siku zote, kwa ajili ya kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba. Kuchemsha hakumkingi mtu na mkojo uliomrukia wakati akikamua.

Ng'ombe akitoa mimba, kondo na kijusi visiguswe kwa mikono mitupu wala visitupiwe mbwa. Vifukiwe kwa kina baada ya ofisa mifugo wa kata kuarifiwa, kwa sababu anaweza kutaka sampuli. Na mwanafamilia yeyote atakayepata homa ndani ya siku 30 baada ya tukio hilo aende zahanati akilieleza yeye mwenyewe, hata kama hajaulizwa.