Urefu Peke Yake Hautoshi: Timu Inayofungwa Ijengwe Vipi?

Wasomi wenzangu, wiki iliyopita timu yetu ya kikapu ilifungwa tena, na kama kawaida mjadala ukahamia kantini. Kabla chai haijapoa, hukumu ilikuwa imeshatoka. "Kaka, tatizo letu ni urefu tu," alisema jamaa mmoja wa mwaka wa pili. "Hawa wote watolewe. Mwaka wa kwanza wakiripoti tu, tupite mabwenini tukusanye warefu." Meza nzima ikaitikia.

Mimi nimekaa kwenye benchi la timu hiyo miaka miwili, na siku ile sikuwa na jibu la haraka. Jibu langu ndilo hili. Limechelewa kidogo, tena linapitia mbali, mjini Memphis, Marekani. Huko ndiko kijana wa Dar es Salaam alikopelekwa mwaka 2009 kufanya kazi ileile ambayo kantini inataka warefu wetu waifanye.

Kijana wa futi 7 na inchi 3

Kwa wasiofuatilia NBA, tuanze na utaratibu wenyewe. Timu za kule hazikimbizani mitaani kusajili vijana wapya. Kila mwaka kuna drafti, ambapo timu huchagua vijana kwa zamu. Zile zilizofanya vibaya zaidi huingia kwenye bahati nasibu zikiwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mapema. Yaani ukifungwa sana, unapewa kama fidia hivi.

Memphis Grizzlies walikuwa wamefungwa sana. Msimu mmoja una mechi 82. Msimu wa 2006-07 walishinda 22, uliofuata wakashinda 22 tena, na wa 2008-09 wakashinda 24. Piga hesabu: wamepoteza mechi 178 ndani ya miaka mitatu. Kwenye drafti ya 2009 wakapata nafasi ya 2, wakamchagua Hasheem Thabeet.

Thabeet alikuwa ametoka Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako alikuwa akizuia mitupo ya wapinzani kama anafukuza nzi, na timu yake ilifika nusu fainali ya taifa mwaka huohuo. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Wengi wetu tulikuwa bado wadogo, lakini kaka zetu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Mambo hayakwenda vile. Msimu wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 3.1 kwa mechi. Februari 2010 akapelekwa kwa muda kwenye ligi ya kukuzia wachezaji. Februari 2011 akahamishiwa Houston. Aliyechaguliwa nafasi ya 3, nyuma yake, ni James Harden. Wa nafasi ya 7 ni Stephen Curry. Tangu hapo kila mtu akikumbuka drafti ile husema, "Thabeet alishindwa."

Mimi naomba tuliangalie upya. Memphis walipomchagua Thabeet, nafasi ya mchezaji wa kati, namba 5, tayari ilikuwa na mtu. Marc Gasol wa Hispania alikuwa ameshacheza msimu mmoja mzuri, na hakuwa na dalili ya kushuka. Thabeet alikuwa mchezaji ambaye bado anajifunza. Mtu wa namna hiyo anakua kwa kupewa dakika nyingi uwanjani, akosee, arekebishwe, akosee tena. Dakika hizo zilikuwa za Gasol. Timu iliyohitaji kushinda haraka haikuwa na jinsi ya kumnyima Gasol dakika ili imsomeshe mwingine. Kwa hiyo kosa lililoanzia kwenye kupanga kikosi likaishia kubandikwa jina la mchezaji.

Likumbukeni hilo, maana ndilo tunalotaka kuwafanyia watoto wa mwaka wa kwanza.

Maamuzi matatu ya mwaka mmoja

Mwaka huo wa 2009 ni kama darasa zima, kwa sababu ndani ya miezi michache Memphis walifanya maamuzi matatu tofauti kabisa.

La kwanza ni hilo la Thabeet: chukua kijana mrefu mwenye kipaji, mengine yatajipanga yenyewe.

La pili lilikuwa la jina kubwa. Septemba wakamsajili Allen Iverson, mmoja wa wafungaji wakali kuwahi kutokea. Alikuwa na miaka 34 na hakutaka kuanzia benchi. Alicheza mechi 3 tu, akaondoka Novemba.

La tatu halikumfurahisha karibu mtu yeyote. Julai walimchukua Zach Randolph kutoka Los Angeles Clippers. Huyu alikuwa ameshapita Portland na New York, na sifa iliyomtangulia ilikuwa ya mtu mgumu, anayefunga sana kwenye timu zinazofungwa sana. Wengi walidhani Memphis wanaokota matatizo ya wenzao.

Ni lipi lililofanya kazi? Ni hilo la tatu. Randolph alimaliza msimu wa 2009-10 na wastani wa pointi 20.8 na ribaundi 11.7, akachaguliwa kwenye mechi ya nyota. Timu ikatoka ushindi 24 hadi 40.

Sababu si kwamba Randolph alikuwa na kipaji kuliko Iverson. Hakuna atakayesema hivyo. Sababu ni kwamba namba 4 ndiyo iliyokuwa tundu la timu. Gasol alikuwa akipiga pasi vizuri na kulinda katikati, ila alihitaji pembeni yake mtu mzito wa kugombea mipira chini ya kikapu. Randolph aliziba tundu lililokuwepo. Thabeet aliwekwa mahali palipokuwa pameshazibwa. Iverson naye alitaka mpira ambao tayari ulikuwa mikononi mwa vijana wengine.

Usitupe kilichoanza kuiva

Jambo jingine ambalo kantini hailizungumzii ni wale ambao Memphis hawakuwatoa. Mike Conley alichaguliwa nafasi ya 4 mwaka 2007. Miaka yake ya mwanzo watu walikuwa wakiuliza kama kweli anafaa kuwa mchezeshaji wa timu. Novemba 2010 uongozi ukampa mkataba mpya wa miaka 5, na wengi wakaucheka. Baadaye hakuna aliyeendelea kucheka.

Marc Gasol mwenyewe alifika kama nyongeza tu. Mwaka 2008 Memphis walimpeleka kaka yake, Pau, Los Angeles Lakers, na haki za kumsajili Marc zikaja kwenye furushi hilo. Wakati huo biashara ile ilionekana kama zawadi kwa Lakers. Mwaka 2013 Marc akatangazwa mlinzi bora wa ligi nzima.

Angalieni sasa. Conley na Gasol walikuwa sehemu ya timu iliyoshinda mechi 24 tu. Kama Memphis wangefuata kauli ya "hawa wote watolewe", wangewatoa hao hao waliokuja kuwa uti wa mgongo wa timu. Kikosi kinachofungwa si lazima kiwe na watu wabovu watupu. Mara nyingi kina watu wazuri wawili au watatu ambao hawajakamilishiwa wenzao.

Kisha benchi

Mwaka 2010 wakashughulikia udhaifu uliobaki. Wakamsajili Tony Allen kutoka Boston, mtu asiyejua kutupa vizuri kutoka mbali lakini anayeweza kumnyima usingizi mfungaji yeyote wa upande wa pili. Februari 2011 wakamchukua Shane Battier kutoka Houston, tena kwenye biashara ileile iliyomwondoa Thabeet. Allen na Battier hawakuwa watu wa kuuza jezi. Walikuwa watu wa kazi moja moja inayoeleweka.

Aprili 2011 Memphis waliingia hatua ya mtoano wakiwa nafasi ya 8, wakakutana na San Antonio Spurs walioshinda mechi 61 na kuongoza kanda ya magharibi. Mfungaji wao Rudy Gay alikuwa nje kwa jeraha la bega. Katika historia yake yote, klabu hiyo ilikuwa haijawahi kushinda hata mechi moja ya mtoano. Mechi ya kwanza iliamuliwa na mtupo wa pointi tatu wa Battier katika sekunde za mwisho. Memphis wakaitoa Spurs kwa 4-2. Mwaka 2013 wakafika fainali ya kanda. Ubingwa hawakuupata, tuseme ukweli, lakini walicheza mtoano miaka saba mfululizo, na hakuna aliyetamani kukutana nao.

Sasa turudi uwanjani kwetu

Sisi hatuna drafti. Kwetu kufungwa hakulipi fidia yoyote, ukiacha kejeli za bwenini. Tena hatuna mikataba. Kinachomfunga mchezaji kwetu ni mwaka wa masomo. Wa mwaka wa tatu kwenye kozi ya miaka mitatu anaondoka, upende usipende. Mwingine anapata sapu tatu na anapotea mazoezini. Mwingine anadisko kabisa. Bumu likichelewa, nusu ya timu haina nauli ya kufika uwanja wa mazoezi.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kusaka warefu, napendekeza kamati ya michezo na kocha wakae chini na karatasi moja. Waandike namba 1 hadi 5 kushuka chini, kisha wajaze nani yupo kila nafasi, yuko mwaka gani, na anaondoka lini. Nimejaribu mwenyewe kuichora. Kilichonishangaza ni kwamba namba 5 tunao watatu, na mmoja wao ana miaka miwili mbele yake. Tundu letu kubwa liko namba 1. Mchezeshaji wetu anahitimu mwaka huu na nyuma yake hakuna mtu. Mechi iliyopita alipotoka kupumzika robo ya tatu, tulipoteza mipira mfululizo kabla haujavuka hata mstari wa kati. Mrefu gani angetusaidia pale? Mpira haukumfikia.

Pili, tutafute Randolph wetu. Kuna kaka mmoja wa uhandisi, ana miaka miwili kabla ya kuhitimu, aliacha kuja mazoezini baada ya kukorofishana na wenzake kuhusu muda wa kucheza. Kila Jumamosi ukipita viwanja vya mtaani unamkuta anachukua ribaundi mbele ya watu wazima. Tumemwita mkorofi na tukafunga faili. Hakuna aliyemfuata kumuuliza. Kumfuata hakugharimu chochote zaidi ya mtu mmoja kumeza kiburi, na huenda mtu huyo ni sisi.

Tatu, tukimleta mtoto mrefu wa mwaka wa kwanza, tumwambie ukweli tangu siku ya kwanza: utacheza dakika chache, utafundishwa na nani, na tunakutegemea lini. Tumpe mechi za kirafiki akosee kwa nafasi. Tusimtupe kwenye mechi ya kwanza ya mashindano ya vyuo, akachemsha, halafu tukamwita gogo mpaka anahitimu. Nimeona hilo likitokea hapa hapa. Yule kijana siku hizi hata kutazama mechi haji.

Nne, kila anayekaa benchi apewe kazi moja. Mmoja akabe mfungaji wao. Mwingine aingie kutuliza mpira. Ukiniuliza leo kazi yangu kwenye timu ni ipi, sijui, na sidhani kama kocha wetu anayejitolea jioni baada ya kazi zake amewahi kupata nafasi ya kuifikiria. Na ndiyo, karatasi ile ikijazwa kwa haki, inawezekana jina langu likakosa mahali. Nimeshalifikiria hilo. Afadhali niachwe kwa sababu inayoeleweka kuliko kufukuzwa pamoja na wenzangu kumi kwa sababu ya hasira za kantini.

Mazoezi yanaendelea Jumanne na Alhamisi jioni. Karatasi yangu nitaibandika kwenye ubao wa matangazo wa kamati ya michezo. Anayeona nimekosea nafasi ya mtu, aje na kalamu. Na kama kuna mtu anaishi bweni moja na yule kaka wa uhandisi, naomba amwambie kwamba Jumanne ijayo tunamsubiri.