Hesabu ya Damu Si Hukumu

Wengi wetu tumekwisha kutolewa damu hospitalini ili ipimwe. Nataka kueleza jinsi kipimo hicho cha kawaida kinavyowasaidia madaktari kukadiria mwendo wa saratani moja ya damu, na jinsi watu wanavyoweza kukosea maana yake.

Saratani hiyo ni ya tezi. Huitwa ugonjwa wa Hodgkin, kwa jina la Thomas Hodgkin, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1832. Tezi za shingoni, kwapani au kifuani huvimba, mara nyingi bila maumivu. Wagonjwa wengine hupata homa, jasho la usiku na kukonda. Ili kuutambua, daktari hukata kipande cha tezi kikatazamwa kwa hadubini. Damu peke yake haitoshi.

Mwaka 1998 Wajerumani wawili, Hasenclever na Diehl, walitangaza hesabu za wagonjwa 5,141 ambao ugonjwa wao ulikuwa umeenea. Waliona alama saba mbaya. Tatu si za damu: kuwa mwanamume, kuwa na umri wa miaka 45 au zaidi, na ugonjwa kufika daraja la nne. Nne ni za damu:

1. Hemoglobini chini ya gramu 10.5 katika desilita moja. Mwili wenye ugonjwa wa muda mrefu huficha chuma chake, na chembe nyekundu hupungua.

2. Albumini chini ya gramu 4 katika desilita moja. Ini ndilo liitengenezalo, nalo hupunguza kazi hiyo mwili unapopambana na ugonjwa.

3. Chembe nyeupe 15,000 au zaidi katika milimita moja ya ujazo.

4. Limfositi, ambazo ni aina ya chembe nyeupe, chini ya 600 katika kipimo hicho, au chini ya 8 katika kila chembe nyeupe 100.

Kila alama huhesabiwa moja. Katika wagonjwa 100 wasio na alama yo yote, 84 walipita miaka mitano bila ugonjwa kuendelea wala kurudi. Katika 100 wenye alama tano au zaidi, walikuwa 42.

Hapa ndipo watu wapoteapo njia. Mwaka jana mjomba wangu aliugua ugonjwa huu, akahesabiwa alama tano. Ukoo ulipokutana, mzee mmoja alisema, "Ng'ombe wasiuzwe. Hesabu imekwisha kusema." Kwa kuwa mimi ndiye nisomaye sayansi, niliombwa kueleza.

Nikasema, "Wazee wangu, hesabu hii ni ya kundi, si ya mtu mmoja. Wale 42 nao walikuwa na alama kama za mjomba. Na wale 58 si wote waliokufa. Wengine ugonjwa uliwarudia, wakatibiwa tena, wakaishi. Zaidi ya hayo, watu wote hao walipewa dawa. Basi tutaitumiaje hesabu ya waliotibiwa kumnyima mtu matibabu?"

Wazee walinyamaza kidogo, kisha wakakubali. Ng'ombe wawili waliuzwa, na mjomba angali katika dawa hadi leo.

Tena hesabu zenyewe hubadilika dawa na uangalizi vikiwa bora. Mwaka 2012 madaktari wa British Columbia, nchini Kanada, walitangaza kwamba kwa wagonjwa wao kundi la mwisho lilikuwa limefika 62 katika 100, na lile la kwanza 88.

Ndugu zangu, tukumbuke pia kwamba hemoglobini hushuka kwa malaria na kwa minyoo ya safura, na albumini hushuka kwa njaa na kwa ugonjwa wa ini. Kwa hiyo mtu asijitangazie saratani kwa kusoma karatasi ya damu. Na aliyekwisha kutambuliwa kuwa nayo, hesabu imsaidie daktari kupanga matibabu, isiwe sababu yetu ya kumwacha.