Kuunganisha Ruta na Modemu ya Ofisi

Ndugu wanakamati na wafadhili, robo mwaka iliyopita taarifa ya mradi iliwafikia ikiwa imechelewa siku mbili. Tunaomba radhi. Hesabu zilikuwa tayari; kilichotukwamisha ni kisanduku kidogo. Intaneti ilikuwa ikiingia kwa modemu ya kebo kwenye kompyuta moja tu, nasi tukanunua ruta ili zote tatu ziitumie. Tulichomeka, taa zikawaka, intaneti ikagoma. Tulikuwa karibu kuirudisha ruta dukani.

Kumbe modemu nyingi za kebo hukariri namba ya kifaa cha kwanza kilichounganishwa nazo, na hazikipokei kingine mpaka zizimwe. Basi anzeni kwa kuchomoa waya wa umeme wa modemu, na betri kama inayo. Waya wa mtandao uliokuwa kwenye kompyuta uhamishieni kwenye tundu la ruta lililoandikwa WAN au Internet. Hapa wengi hukosea, maana matundu yote yanafanana. Yale mengine ni ya kompyuta. Subirini kama dakika mbili, washeni modemu, taa zake zitulie, ndipo muwashe ruta, na kompyuta mwisho.

Ikikubali, msiondoke. Badilisheni neno la siri la ruta lililotoka kiwandani, na kwa mawimbi chagueni WPA2 au WPA3, kamwe si WEP. Majirani zetu ni watu wema, lakini orodha ya wachangiaji imo kwenye kompyuta hizo.