Kununua Hisa Bei Inaposhuka: Kompyuta na Hukumu ya Najshi



Baada ya darsa la fiqhi ya muamalati, mwenzangu wa chumbani aliniuliza: "Ustadhi, programu ikininunulia hisa bei inaposhuka, faida yake ni halali?" Alikuwa na nusu ya karo mkononi na alitaka kuitia humo. Nilimwomba siku tatu nikasome.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Programu haijui ghaibu. Inafuata kanuni iliyopewa. Kanuni moja maarufu hukokotoa wastani wa bei za siku 20 zilizopita. Tuseme wastani ni 1,000. Ukiiagiza inunue bei ikipungua kwa asilimia 5, itangoja hadi 950. Nyingine hugawa mtaji: sehemu inunue kwa 950, sehemu kwa 900, fedha zisiishe bei ikiwa bado inaporomoka. Msingi wake ni dhana kwamba bei itarudi kwenye wastani. Lakini kanuni hiyo haiulizi kwa nini bei imeshuka. Kampuni ikiwa inafilisika, itaendelea kununua tu.

Tarehe 6 Mei 2010, nchini Marekani, kipimo cha Dow Jones kilianguka karibu pointi 1,000, kisha kikarudi sehemu kubwa ndani ya dakika chache. Wachunguzi wa serikali walieleza kwamba programu moja iliagizwa kuuza mikataba 75,000, yenye thamani ya dola bilioni 4.1 hivi, bila kujali bei wala muda. Wanunuzi wengi walijitoa, zikiwemo kompyuta. Hisa za Accenture zikauzwa hata kwa senti moja! Aliyedhani ameokota dhahabu hakubaki nayo, kwani biashara za bei hizo zilifutwa baadaye.

Mwaka 2016 Navinder Singh Sarao, mfanyabiashara wa London, alikiri kosa mahakamani. Alitumia programu kuweka oda kubwa za kuuza alizokusudia kuzifuta, ili wengine waogope na bei ishuke. Siku ile ya 2010 pia alikuwa sokoni.

Hapo ndipo nilipokumbuka najshi. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kupandisha bei bila nia ya kununua. Sarao aliishusha bila nia ya kuuza. Mwelekeo ni tofauti, lakini kwa ninavyoelewa illa ni moja: kumhadaa mwenzio sokoni.

Basi nilimjibu mwenzangu hivi: kungoja bei ishuke si haramu, hata mama zetu hungoja nyanya zishuke. Lakini jiulize mambo matatu. Kampuni yenyewe inafanya biashara gani? Fedha ni zako, au ni mkopo wa riba? Na je, unamiliki hisa kweli, au unabahatisha tu kupanda na kushuka kwa bei?

Tulikaa kitandani tukasoma masharti ya programu yake, ukurasa kwa ukurasa. Hakukuwa na hisa yoyote ya kumiliki. Ilikuwa ni kukisia bei, tena kwa fedha za kukopeshwa. Alinyamaza kidogo, akafunga simu. Jumatatu alikwenda kulipa karo.

Ndugu yangu, kabla hujaiachia kompyuta amana yako, soma masharti na uwaulize wenye elimu kuliko mimi. Wallahu a'lam.