Mama anataka nishuke gatini

Bi Mkubwa,

Mimi ni mzaliwa wa Ole, Pemba. Naishi Leicester, Uingereza, tangu 2008. Nina mume na watoto wawili, na kazi yangu ni kuwatunza wazee. Siku nilipoondoka, kaka yangu ndiye aliyenisindikiza kwa boti mpaka Dar es Salaam, sanduku langu kalibeba yeye. Mwaka 2011, baada ya Idi, alipanda meli ya Spice Islander kurudi Pemba. Hakuonekana tena, wala mwili wake haukupatikana. Mama alikuwa ameshafika gatini kumpokea.

Tangu siku ile sijatia mguu kwenye chombo cha baharini. Nyumbani nimerudi mara mbili tu, 2015 na 2019, zote kwa ndege ndogo mpaka Chake, nikakaa siku nne nikaondoka. Mama huniambia, "Njoo kwa boti kama ulivyoondoka. Nataka nikuone unateremka." Mimi humjibu kwamba kazini hawajanipa likizo. Ni uongo. Ninazo siku 28 kila mwaka na huzimaliza nyumbani kwangu. Juzi kanambia, "Basi mwanangu, ukipata nafasi njoo unizike." Tangu hapo silali.

Mume wangu anasema Mama avuke aje Unguja tukutane huko. Mama hataki. Na mimi sasa nina uraia wa Uingereza. Safari ya mwisho nilipanga mstari wa wageni kwenye nchi niliyozaliwa, nikajiona sina hata haki ya kusema narudi kwetu. Nifanye nini? Mtu wa miaka 41 kuogopa boti, huu si utoto?

Mwana wa Ole, Leicester

*

Mwanangu,

Nianze na swali lako la mwisho. Si utoto. Anayeogopa jini la mbuyuni tunaweza kumtuliza kwa kumwambia halipo. Wewe unaogopa kitu kilichotokea, na kilichotokea kilimchukua nduguyo. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, meli yenye ruhusa ya kubeba abiria wapatao 600 ilizama kwenye mkondo wa Nungwi. Ukiwajumlisha waliookolewa na maiti waliopatikana, hao peke yao walishazidi idadi hiyo. Waliobaki chini hakuna aliyewahesabu kwa yakini, kwa sababu orodha ya kuaminika haikuwapo. Walikuja wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini, na mkondo ukawashinda.

Siku ile nilikuwa Unguja. Nilikwenda Maisara na jirani yangu, kwenye mahema walikolazwa maiti ili jamaa wawatambue. Tulikuwa tunamtafuta binti yake. Tuliingia na kutoka, tukangoja gari nyingine ifike, tukaingia tena. Jua lilipochwa jirani yangu aliniomba tubaki kidogo, kwa kuwa kuondoka ilikuwa ni kama kukubali. Hatukumpata. Mpaka leo, kila chombo kikichelewa hata robo saa, huyo jirani hunipigia simu kuniuliza nimesikia nini. Kwa hiyo usidhani hofu yako ni ya mtu aliyelegezwa na maisha ya Ulaya. Hata tuliobaki huku tunayo, na wengi wetu tunapanda boti nayo kifuani.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikirudia nasimama kwenye sentensi moja uliyoiandika kama unayepita njia: Mama alikuwa ameshafika gatini kumpokea. Umeiandika, ukaendelea na habari za ndege na likizo.

Mwanangu, rudi hapo. Huyo ni mama aliyesimama gatini akimngoja mwanawe, na mwanawe hakuteremka. Miaka yote hii anakuomba wewe, mtoto aliyebaki ng'ambo, uje kwa boti, naye asimame akuone unashuka. Wewe umelichukua ombi hilo kama ukaidi wa mtu mzima asiyeijali hofu yako. Mimi sikuwahi kukaa na mama yako, na moyo wa mtu ni kichaka. Ila ningekuwa wewe, kabla ya kukata tiketi yoyote ningemuuliza: Mama, siku ile ulingoja mpaka saa ngapi? Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Watu wetu wa Pemba ni hodari wa kusoma hitima na kuleta sahani za chakula kwa jirani aliyefiwa, na Mungu awalipe, lakini jambo lenyewe hulifunika. Msiba usio na kaburi ndio unaofunikwa zaidi, maana hata pa kwenda kung'oa majani hapana.

Na Mama naye hajui lililo moyoni mwako. Anachokijua ni kwamba mwajiri wa Leicester hatoi likizo. Hebu jiweke kwake. Mtoto wa jirani aliyeko London anakuja, wa Muscat anakuja kila Ramadhani, wake yeye tu ndiye asiyepewa ruhusa, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Mzee si mjinga. Ameshajua ni uongo, ila hajui unaficha nini, na pale asipojua amejijazia mwenyewe kwamba hatakiwi. Lile neno la "uje unizike" limetoka hapo. Limekuumiza, na haki yako uumie, lakini lisome kama la mtu aliyekata tamaa ya kuulizwa.

Uongo huo ndio ninaotaka uuondoe kwanza, kabla hata ya boti. Mwambie: Mama, likizo ninayo na nimekuwa nayo siku zote. Naogopa bahari. Nikifumba macho namwona kaka. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu kukwambia wewe, uliyempoteza mwana, kwamba mimi niliyempoteza kaka nimeshindwa. Sema kwa maneno yako, lakini yaseme yote, na umuombe radhi kwa uongo peke yake. Kwa hofu usimuombe radhi.

Sasa habari ya safari yenyewe, maana ushauri usio na tarehe ni maneno matupu.

Wengi wenu wa Uingereza mnakuja Julai na Agosti kwa ajili ya skuli za watoto. Miezi hiyo ndiyo upepo wa kusi umekaza, na mkondo wa Nungwi upande wa mashariki uko wazi kwa bahari kuu. Skagit, ile meli iliyozama karibu na Chumbe ikitoka Dar, ilikuwa tarehe 18 Julai 2012. Mtu mwenye hofu kama yako kumvusha kwenda Pemba katikati ya kusi ni kumtesa. Lakini kaskazi nayo usiiamini kupita kiasi: Januari 2014 boti ya mwendo kasi iliyotoka Pemba ilipigwa na wimbi hapo hapo karibu na Nungwi, likawachukua abiria waliokuwa wamekaa sitaha ya mbele. Nakwambia haya kwa sababu ukiyasikia kwa mtu mwingine baada ya mimi kukutia moyo, hutaniamini tena. Wakati wa kuvuka ni maleleji, pepo zinapopishana: Machi kuingia Aprili, au Oktoba na Novemba. Likizo ya Pasaka ya watoto wako inaangukia hapo hapo. Mvua za masika zinaweza kukukuta, na njia ya Ole unaijua inavyokuwa, lakini bahari mara nyingi huwa imelala.

Ukifika Unguja usivuke siku hiyo hiyo. Lala siku mbili, mwili utulie. Panda boti ya mchana, usisafiri usiku. Boti za mwendo kasi za siku hizi ni za mbavu mbili, kadhaa zimeundwa Tasmania huko Australia, na si sawa na ile meli kongwe iliyozama mwaka 2011. Tiketi inaandikwa jina lako. Toa jina lako kamili na la kila mtoto, usikubali kupanda kwa tiketi ya mtu mwingine hata kama ni binamu anayekufanyia wema. Kaa ndani, chini, upande wa nyuma ambako chombo hakirukiruki sana. Usikae peke yako. Mtafute shangazi au binamu avuke nawe kutoka Unguja, mtu anayejua kwa nini unatetemeka. Na nahodha akisema leo hatuondoki, usinung'unike pamoja na wanaonung'unika. Ukiona watu wamezidi au mizigo imerundikwa hovyo, shuka na tiketi yako ipotee. Mama atakungoja kesho yake, kwa sababu safari hii utakuwa na simu mkononi na utampigia mwenyewe umwambie nimeshuka, niko salama.

Hofu ikiwa inakunyima usingizi namna hii, tafuta pia msaada huko huko uliko. England mtu mzima anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa huduma ya mazungumzo ya afya ya akili ya NHS, bila hata barua ya daktari. Unawahudumia wazee wa watu mchana kutwa. Kubali na wewe kuhudumiwa. Kumbuka vilevile kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amewahesabu waliokufa kwa kuzama miongoni mwa mashahidi. Najua hilo ulishaambiwa siku za msiba, wakati masikio hayasikii. Lisikie sasa.

Na kama siku ikifika, umekata tiketi, umefika bandarini Malindi, Unguja, miguu ikakataa? Panda ndege. Sitakulaumu, na ukishamwambia ukweli naamini hata Mama hatakulaumu. Ila ukitua Chake usiende moja kwa moja Ole. Ikiwa ni siku ya boti, mwombe Mama mwende pamoja gatini. Simameni mahali wanaposimama wapokezi, wewe na yeye na watoto, muwaangalie watu wanavyoteremka na mabegi yao. Hapo ndipo alipokuwa peke yake mwaka ule. Kusimama naye hapo ni jambo unaloliweza hata bila kupanda boti.

La mume wako nitalipita haraka: anasema kwa mapenzi, lakini kumvusha mama mtu mzima kwenye mkondo ule ule ili wewe usivuke, hilo haliwezekani. Asilirudie.

Uraia ni jambo jingine, na najua linauma. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na wengi wenu mliposhika ule wa huko kwa ajili ya kazi na watoto mlijua mnaacha nini. Utalipa viza, na nauli ya boti utatozwa ya mgeni, huku ukiongea na mkata tiketi kwa Kipemba kilichonyooka. Mimi naona ni uchungu wa haki, na nchi itabidi siku moja iwaangalie watoto wake kwa jicho jingine. Lakini usiupeleke uchungu huo Ole. Gharama hizo zihesabu kabla, ziweke pembeni, ukifika kwenu uwe umeshazisahau. Mwenye kusema kama wewe ni wa pale ni yule mama anayekungoja, na yeye hajawahi kukuuliza pasipoti.

Fidia fedha hizo kwenye mizigo. Usije na masanduku manne ya nguo za kugawa kitongoji kizima halafu ukakaa siku nne. Siku nne ni za mgeni: siku ya kwanza anachinjiwa kuku, ya pili anatembezwa kwa jamaa, ya tatu anapokea wageni, ya nne anafunga mabegi. Mama hapati hata usiku mmoja. Kati ya siku zako 28, mpe wiki mbili kamili, ulale chumbani kwake. Ukija Oktoba na karafuu zikiwa zimezaa, kaa naye jioni mchambue makonyo. Mikono ikiwa na kazi, midomo husema mambo ambayo uso kwa uso haiyawezi. Watoto wako nao wasikie habari za mjomba wao kutoka kwa bibi yao: alikuwa akipenda kula nini, alikuwa akicheka vipi. Wasikue wakimjua kama jina la meli.

Mkivuka, mkikaribia Nungwi utaona baadhi ya watu ndani ya boti wananyamaza. Mwingine atainua mikono, mwingine atageuzia uso dirishani. Usiulize kwa nini. Nyanyua mikono nawe, umsomee kaka yako Fatiha, umtaje kwa jina lake kwa sauti.

Lakini hayo ni ya Aprili. La wiki hii ni simu. Usimtumie maandishi, wala ujumbe wa sauti, wala usimtume mtu mwingine akusemee. Ijumaa hii, saa kumi na moja jioni ya Pemba, ambayo msimu huu wa baridi huko kwenu ni saa nane mchana, Mama atakuwa ameshaswali alasiri na kukaa barazani. Mpigie.