Kabla ya Kununua Kadi ya Grafiki, Soma Lebo ya Pawa Saplai

Vijana wengi katika kaunti yetu huhariri video za harusi, hubuni mabango au huchora ramani za nyumba kwa kompyuta za mezani zilizotumika, zile zinazoletwa kutoka Uingereza na kwingineko baada ya ofisi za huko kuzistaafisha. Ni mashine imara. Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, ilitoka mwaka wa 2013 na bado inachapa kazi. Shida huanza video inapokuwa nzito: picha inakwama, programu inaganda, na mteja anapiga simu kuuliza kazi yake iko wapi. Hapo ndipo rafiki hukushauri uongeze kadi ya grafiki.

Ushauri huo unaweza kukufaa, au ukakumalizia akiba. Kwa hivyo tuanze na swali la kazi yenyewe. Kadi ya grafiki ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye skrini, na husaidia sana katika video, michoro ya 3D na michezo. Ikiwa kompyuta yako ni ya kuandika barua, kuingia eCitizen na kujaza fomu za KRA, kadi mpya haitakusaidia chochote. Ongeza rami na uweke diski ya SSD. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Kama kazi yako inahitaji kadi kweli, usiende dukani kwanza. Fungua kasha la kompyuta, lile ambalo wengi wetu huliita sipiyu, uitazame pawa saplai. Ni kisanduku cha chuma kinachopokea stima ya ukutani, volti 240, na kuigeuza kuwa umeme mdogo ambao kompyuta inautumia. Ubavuni kina lebo. Watu husoma namba kubwa ya wati na kuishia hapo, lakini kwa kadi ya grafiki mstari muhimu ni ule wa volti 12, kwa sababu kadi na prosesa hutegemea zaidi mstari huo. Zidisha ampea kwa 12 upate wati. Pawa saplai iliyoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini ikiwa na ampea 15 tu kwenye mstari wa volti 12, ina wati 180 za kazi hiyo. Zile 500 ni pambo la boksi.

Sasa piga hesabu. OptiPlex 9020 yenye kasha la wima lenye ukubwa kamili huja na pawa saplai ya wati 290. Prosesa ya Core i5-4570 inakadiriwa kutumia wati 84. Diski, feni na rami tuzipe 50 kwa ukarimu. Kadi kama GTX 1050 Ti hutumia takriban wati 75, na hicho ndicho kiwango cha juu ambacho tundu la kadi kwenye bodi kuu huruhusiwa kutoa. Jumla ni wati 209, na nafasi ya kupumua ipo. Maana yake ni kwamba mwenye mashine hii hahitaji kubadilisha pawa saplai, mradi achague kadi isiyo na soketi ya waya wa ziada. Angalia kadi yenyewe wala si jina tu, kwa kuwa baadhi ya GTX 1650 zina soketi hiyo na nyingine hazina.

Akitaka RX 580, mambo ni tofauti kabisa. Kadi hiyo hutumia takriban wati 185 na huhitaji waya wa pini 8 kutoka kwa pawa saplai. Hesabu inafika 319, na waya wenyewe haupo. Hapo muuzaji atakutolea kiunganishi cha kuchukua umeme kutoka waya wa diski. Kikatae. Waya ule haukutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo, na plastiki yake huyeyuka.

Mimi mwenyewe niliwahi kuharakisha. Nilinunua pawa saplai ya kawaida, nikafika nyumbani, nikakuta waya wake mkuu una pini 24 huku bodi kuu ya OptiPlex ikiwa na tundu la pini 8. Nusura nilazimishe. Dell walitumia tundu hilo kwenye 7020 na 9020, nao HP wakaweka la pini 6 kwenye EliteDesk 800 G1. Viunganishi vya kugeuza vinauzwa, ila lazima kiwe cha modeli yako hasa. Piga picha tundu la bodi kwa simu uende nayo dukani. Pima na nafasi pia, kwa sababu kasha jembamba hukubali kadi fupi tu, na pawa saplai yake mara nyingi ina umbo lake la pekee.

Kuna swichi moja ndogo ambayo imeunguza mashine nyingi. Nyuma ya baadhi ya pawa saplai, hasa za zamani, kuna kitufe chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Kilichoachwa kwenye 115, kisha ukachomeka kwenye stima yetu, hutoa mlio kama wa baruti na harufu ya kuungua. Hakikisha kinasoma 230 kabla ya kuchomeka chochote. Na pawa saplai yenyewe usiifungue kwa bisibisi hata ikiwa imekufa. Ndani kuna kapasita zinazoweza kukupiga shoti muda baada ya kuchomolewa.

Siku ya kufunga, zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi. Ondoa kibati cha nyuma, sukuma kadi kwenye tundu refu hadi isikike ikibana, kisha kaza skrubu. Ukibadilisha pawa saplai pia, piga picha nyaya zote kwanza, na usisahau ule waya mdogo wa pini 4 ulio karibu na prosesa. Ukiusahau, feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi.

Skrini nyeusi ina sababu nyingine ya kuchekesha: monita bado imechomekwa kwenye tundu la zamani la bodi kuu. Ihamishie kwenye kadi. Ikikataa bado, huenda BIOS ni ya zamani na inahitaji kusasishwa. Kazi hiyo usiifanye bila UPS, maana stima ikipotea katikati bodi inaweza kufa.

Ikiwaka, weka draiva kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza chipu. Halafu endesha programu ya bure iitwayo GPU-Z. Sokoni kuna kadi kuukuu zilizobadilishwa jina ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na programu hii hutambua nyingi kati ya hizo. Fanya hivyo ungali na risiti mkononi, ikiwezekana mbele ya muuzaji, na uiache kadi ifanye kazi nzito kwa nusu saa ukisikiliza feni.

Pawa saplai iliyokufa usiitupe jaani wala kuichoma ili kupata shaba. Jijini Nairobi, WEEE Centre hupokea taka za kielektroniki, na fundi wako akikusanya za wateja kadhaa, safari moja inatosha.