Tovuti baada ya kupunguzwa kazi

SWALI: Nina miaka 46. Nilikuwa mtunza stoo kiwandani Kibaha, nimepunguzwa kazi. Najifunza kutengeneza tovuti. Nitaweza kuishi kwa kujiajiri?

JIBU: Utaweza, ndugu yangu, ukiacha kushindana na vijana kwa ufundi wa kompyuta peke yake. Tovuti ya kawaida leo hupatikana kwa bei ndogo kupitia WordPress. Kilicho adimu ni fundi anayeielewa biashara ya mteja. Wewe unajua mzigo unavyopokelewa, unavyohesabiwa na unavyopotea. Mwenye ghala Kibaha, au muuza mbao Kisarawe, ana sababu kubwa zaidi ya kulipia mfumo unaomwonyesha salio la bidhaa kuliko ukurasa wa picha nzuri.

Utaambiwa wafanyabiashara wetu wanatosheka na WhatsApp. Kwa rejareja ni kweli, lakini ujumbe wa simu hautunzi hesabu ya stoo. Pingamizi zito zaidi ni njaa ya miezi ya mwanzo, na hapo sheria inakupa nafasi ya kupumua. Aliyechangia NSSF angalau miezi 18, akitimiza masharti mengine, hupata fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Mwajiri naye hudaiwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Fedha hizo zikununulie muda wa kujifunza, si kompyuta ya kifahari. Anza na mteja mmoja wa fani yako, kwa mkataba wa maandishi na malipo ya awali.